Kitanda cha Sebuleni

Kwa miezi mingi swali moja lilininyima usingizi: je, ninamsaidia mama yangu asimame, au ninamtesa mwanamke mzima kwa sababu ya mambo niliyoyaona kwenye simu? Swali hilo lilikuwa na watoto wake. Nikimvunja nyonga je? Moyo ukimsimama akiwa ameshika chupa ya mchanga mkononi, nitawaambia nini watu? Na nisipofanya kitu, akabaki hivyo hivyo, mimi mwenyewe nitajiambia nini? Nina shahada ya ugavi na ununuzi. Nilichosomea ni kuiona hasara kabla haijatokea, na hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kitandani hadi adhana ya alfajiri, kazi pekee niliyokuwa nayo tangu nimalize chuo.

Naandika sasa kwa kuwa mabaya zaidi yamepita. Mama yuko hai. Shangazi yangu hajakanyaga kwetu tangu siku nitakayoisimulia, na hapa mtaani kwetu Isevya kuna nyumba nikipita naitikiwa salamu kwa mdomo nusu. Siandiki ili nihurumiwe. Namwandikia yule aliyemrudisha mzazi wake kutoka hospitali, mapafu yamepona lakini hawezi kuinuka chooni, na kila anayeingia anamwambia: mwache apumzike.

Mama aliugua mvua zikiwa zimeshika, wakati uyoga unauzwa kwa ndoo kando ya barabara. Yalianza kama mafua, yakawa nimonia, na alipolazwa alikaa wiki nyingi, kwa sehemu kubwa akiwa na mpira wa oksijeni puani. Ya wodini sitayaeleza. Ninachokikumbuka zaidi ni benchi la nje tulilongojea. Lilikuwa limelegea mguu mmoja. Aliyekaa mwisho akiinuka ghafla, sisi wengine wote tunainama upande kama mizigo kwenye mkokoteni. Tulifika mahali tukawa tunatoa taarifa. "Jamani, nainuka," mtu anasema, nasi tunajishika. Watu tusiojuana majina, wenye wagonjwa wetu ndani, tukiombana ruhusa ya kusimama. Nilidhani hilo ndilo jambo la kuchekesha zaidi katika ugonjwa ule. Sikujua kwamba kusimama ndiko kungekuwa habari nzima.

Siku ya kwanza nyumbani, nilipomwogesha, ndipo nilipoiona miguu yake. Mama ni mshonaji wa mabaibui. Miaka yote alikuwa akikanyaga cherehani, na mapaja yake yalikuwa ya mtu wa kazi. Sasa nyama ilikuwa imeondoka na ngozi imebaki, inaning'inia kama soksi iliyolegea mpira. Alinikuta nimetazama.

"Usinitazame hivyo. Nimekuwa mzee, basi."

"Umekonda tu, Mama."

"Sikukonda. Niliingia hospitali na miaka yangu sitini na ushei, nikatoka na ya bibi yako."

Choo chetu kiko uani, ni cha kuchuchumaa. Kushuka aliweza, akishika ukuta. Kupanda hakuweza. Ilinibidi nisimame nimempa mgongo, nisubiri akohoe, halafu nigeuke nimshike kwapani nimnyanyue. Yapo mambo mtoto hapaswi kuyaona kwa mama yake, na yapo ambayo mama hapaswi kumwomba mwanawe. Tuliyafanya yote kila siku bila kutazamana usoni. Kaka yangu Idi, anayefanya kazi Dodoma, alituma kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati. Mama alikitazama, akasema nikawape watoto wa jirani wachezee.

Shangazi Mwajuma, dada wa marehemu baba, alikuja kutoka mtaa wa Cheyo siku ile ile ya kwanza. Kabla hajavua ushungi alikuwa ameshaamua kitanda kihamishiwe sebuleni.

"Mgonjwa hafichwi chumbani kama mwali," alisema. "Watu watakuja."

Makochi yakasukumwa ukutani, kitanda kikakaa katikati, kikatandikwa yale mashuka ya kutarizi ambayo Mama huyatoa sikukuu tu. Na watu wakaja. Walianza baada ya Adhuhuri na kuendelea hadi Magharibi, siku baada ya siku, na uji wa ulezi, na ndizi, na asali kwenye chupa za maji. Walikaa mkekani wakasimuliana magonjwa ya watu wengine. Sitawakejeli. Baba alipofariki, watu hao hao ndio waliotuosha nyuso, wakatupikia, wakatufulia. Lakini kumjulia hali mgonjwa, huku kwetu, kuna utaratibu ambao hakuna anayeutamka. Mgeni huleta kitu, huuliza, huomba dua. Na mgonjwa kazi yake ni moja: akutwe amelala.

Mwezi wa kwanza nyumbani ulipoisha nilimpeleka kliniki ya mazoezi ya viungo. Tulingoja asubuhi nzima kwenye ukumbi wenye feni isiyozunguka, katikati ya watu wa ajali za bodaboda na wazee waliopooza upande. Mtaalamu alikuwa mmoja kwa wote. Alikuwa mtu mwenye haraka, simu yake ikilia muda wote, na Mama hakumpenda kwa sababu alimwita "bibi". Alimkalisha kwenye kiti kigumu, akamwambia asimame. Mama akanyoosha mkono kwangu. "Hapana, mwache," mtaalamu akaniambia mimi. Mama alijaribu, akarudi chini kwa kishindo, machozi yakamtoka. Yule mtu akaongeza mto juu ya kiti ili kiwe kirefu zaidi, akamwambia ajaribu tena. Safari hii alipanda, akitetemeka.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Kila siku. Akiweza, mnapunguza mto. Asibane pumzi anapopanda. Mtafutieni kitu cha kunyanyua kwa mikono, hata chupa mjaze mchanga. Asukume ukuta. Ale maharage, dagaa, mayai, siyo uji mtupu. Akisikia maumivu makali au kifua kikimbana, mnaacha na kuja. Lakini akilala mchana kutwa, hii kazi ya asubuhi ni bure."

Nilitoka na maneno hayo, nikaanza kuyachambua. Kila siku maana yake hata akiwa amechoka? Makali kiasi gani? Na mchana kutwa ni kuanzia saa ngapi? Nilitazama video za wazee wa nchi za mbali wakinyanyua vyuma kwenye vyumba vyenye zulia, nikatazama sakafu yetu ya saruji iliyopasuka, nikamwona Mama amelala juu yake na damu kichwani. Niliona hivyo kila nilipofumba macho. Hata hivyo tulianza. Asubuhi, chai ikishuka, kiti kiliegemezwa ukutani kisiteleze, na mimi nikasimama mbele yake mikono wazi kama mtu anayekamata kuku.

Mama alinung'unika tangu siku ya kwanza. Mchanga ulikuwa mzito, mto ulikuwa mwembamba, nilikuwa nimesoma chuo nikarudi kuwa mnyapara. Lakini alipanda na kushuka. Zilipofika siku za kuvuna karanga tuliuondoa ule mto. Nakumbuka alivyokaa kwenye ule ubao mtupu, akakunja uso, akanyanyuka, akabaki amesimama akitazama mikono yake kana kwamba ndiyo iliyofanya kazi.

Ndipo Shangazi alipozikuta chupa. Zilikuwa chini ya meza, na sebule imejaa wanawake.

"Hizi za nini?"

"Za mazoezi, Shangazi. Mama ananyanyua."

"Wifi yangu ananyanyua mchanga?" Alizishika, akazipima uzito, akawaonyesha wenzake. "Jamani, tazameni shahada ilichotuletea. Misafara ilipita hapa, mizigo ikaja na kwenda, na watu wa nyumba hii walikuwa wa kubebewa mizigo. Hatukuwa na mpagazi katika ukoo. Leo mjane wa kaka yangu ndiye aanze?"

"Mwache, huenda wanamwandaa," mmoja akadakia. "Anataka afike Ujiji kwa miguu."

"Na pembe ya ndovu begani!"

Walicheka hadi mwingine akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Nilitaka kusema kwamba katika mji huu hakuna anayeweza kutenganisha damu ya mbebaji na ya mbebewa, na kwamba njia ile waliyokuwa wakiitania ndiyo iliyotuweka hapa sote. Nilikuwa na sentensi nzima tayari. Nikamtazama Mama kwanza, nione kama ataniunga mkono. Alikuwa amelala chali, shuka hadi kifuani, naye anacheka. Alicheka akitazama dari.

Tangu siku hiyo alianza kujificha. Tukiwa katikati ya zoezi, ikisikika hodi mapema kuliko ilivyozoeleka, Mama aliangusha chupa mapajani mwangu na kujitupa kitandani. Nasema kujitupa. Mwanamke asiyeweza kuinuka chooni aligeuka, akavuta shuka, akafumba macho na kuanza kuguna kabla mgeni hajavua viatu. Mara moja alilala juu ya chupa yenyewe, akaongea na mke wa imamu kwa muda mrefu huku chupa imemchoma ubavuni. Nilipomwinua baadaye alikuwa na alama nyekundu.

"Mama, kwa nini usiwapokee umekaa?"

"Mgonjwa gani anakutwa amekaa kama yuko harusini? Mtu katoka kwake na chungu cha uji kichwani, anikute nimenyoosha shingo? Atasema nilimsumbua bure. Kesho nikiugua kweli haji."

"Sasa hivi huugui kweli?"

"Zuhura, usinibane kwa maneno ya shule. Nikifa, watakaonikafini ni hawa. Siyo machupa yako."

Na hilo ni kweli hadi leo. Nilibaki nikihesabu kichwani saa za kulala na saa za kusimama, na hesabu ilikuwa inatushinda kila jioni. Asubuhi alipanda, mchana akalala, na kesho yake miguu ilikuwa mizito tena. Mgongo wangu nao ukaanza kuuma kwa kumnyanyua. Nikiinama kufagia, nilibaki nimeinama.

Mgeni mmoja tu alikuwa tofauti. Mama Anjelina ni mkulima wa Ulyankulu, mteja wa zamani wa Mama, Mkatoliki ambaye kila anapokuja mjini kuuza maharage hupitia kwetu. Alikuja na debe la maharage, akasali Salamu Maria yake kimya kimya pale mlangoni, akamsalimu Mama, akanywa maji. Kisha akasema ana haraka ya gari.

"Haya Mama Idi, nisindikize."

Mgonjwa hasindikizi mgeni.

"Nitakusindikizaje mimi nilivyo hivi?" Mama akauliza.

"Hadi mlangoni tu. Ulikuwa unanisindikiza hadi kona, nimekupunguzia."

Mama alinitazama. Nikamshika kwapani, akainuka, akatembea naye akimshika mkono hadi kizingitini, wakasimama pale wakibishana kuhusu baibui la binti wa Mama Anjelina ambaye wala si Mwislamu, alilitaka kwa ajili ya igizo la shule. Mama alirudi kitandani akihema, uso wake umechangamka. Shangazi alisema yule mama wa watu hana adabu. Mimi nilikwenda jikoni nikalia kidogo, nikaosha debe.

Kiangazi kilipokaribia mwisho, vumbi limeingia hadi kwenye sukari, Kaka Idi alipiga simu. Niliweka spika ya simu ili Mama asikie.

"Bado unamnyanyua chooni?"

"Bado. Ila asubuhi anaweza, kwenye kiti anasi—"

"Zuhura. Mvua zikianza kama bado ananyanyuliwa, namchukua. Huku nina choo cha kukaa ndani, nina dada wa kazi. Hatagusa hata kijiko."

Alisema kwa upendo. Hilo ndilo lililonichosha katika habari hii yote, kwamba kila mtu alikuwa na upendo. Mama alingoja hadi nilipokata simu.

"Dodoma namjua nani?" akauliza. "Nitazikwa na majirani wa mwanangu, watu wasiojua hata jina la baba yangu?"

Ndipo nilipoona jambo ambalo ningeliona mapema kama nisingekuwa nafikiri mambo kumi kwa wakati mmoja. Watu aliokuwa anawalalia ili asiwapoteze ndio ambao angewapoteza kwa kulala. Nilimweleza. Akaniambia nimechoka, nikapumzike.

Siku chache baadaye wageni walikuwa wengi, na wanaume wawili wa msikitini miongoni mwao. Nilikuwa jikoni nawachemshia chai. Mama alikwenda uani peke yake kwa kushika ukuta. Alishuka, akashindwa kupanda. Hakuita. Sebule ilikuwa hatua chache, na sauti yake ingesikika hadi kwa wanaume. Alikaa amechuchumaa huku akiwasikia wakimwombea dua ya afya, hadi miguu ikafa ganzi, akaanguka ubavu kwenye saruji yenye maji.

Nilimkuta hivyo. Alikuwa ameuma khanga.

"Funga mlango," alisema. "Wasione."

Nilimwosha, nikambadilisha nguo, nikampitisha mlango wa nyuma. Alipolala kitandani, mke wa imamu alimpangusa paji la uso akasema, "Unaona, hata kwenda haja kunamchosha. Asiinuke kabisa." Wote wakaitikia. Mama naye akaitikia.

Hakuvunjika. Tulimpeleka hospitali akapimwa. Alikuwa na michubuko pajani iliyogeuka rangi ya zambarau, halafu ya njano. Lakini mtu aliyekuwapo alimpigia Idi kumwambia Mama amezidiwa, na Idi akakata tiketi. Angefika mwisho wa wiki kumchukua.

Nilitunga hotuba. Niliitunga kwa adabu, yenye shikamoo mwanzoni na shukrani kwa kila chungu cha uji, na katikati nikaeleza mambo ya misuli kwa mifano ambayo Shangazi angeielewa. Nikafikiria niitume kwa ujumbe wa simu. Nikafikiria nimwombe imamu aiseme. Nikaona jinsi kila mmoja angenijibu, na jinsi nami ningemjibu, na jinsi hata baada ya hayo wangekuja kesho yake na ndizi. Hotuba haikutoka. Asubuhi tulifanya mazoezi kama kawaida, Mama akiwa mkali kwa sababu ya ile michubuko. Baada ya Adhuhuri nilifunga mlango wa mbele, nikatia komeo.

"Umefunga ya nini?" Mama aliuliza kutoka kitandani.

"Leo hatupokei."

Alidhani natania. Kisha zikasikika ndara za Shangazi barabarani, na sauti za wanawake aliokuja nao.

"Hodi!"

"Shikamoo, Shangazi," nilisema kupitia dirishani.

"Marahaba. Fungua, uji unapoa."

"Kuanzia leo Mama hapokei tena wageni akiwa amelala. Atakapoweza kukaa kwenye kochi nitakuja Cheyo mwenyewe kukuita."

"Unasemaje?"

Nilirudia.

"Unanifungia mimi mlango wa kaka yangu? Wewe? Niliyekuosha tumbo bado lina kitovu?"

"Zuhura!" Mama alipiga kelele nyuma yangu. "Fungua!"

"Sifungui, Mama."

"Nasema fungua, mwana usiye na haya! Wifi! Wifi, subiri, usiende!"

"Mwache mwanao akuuguze peke yake," Shangazi alijibu kutoka nje. "Akuzike na peke yake."

Nikasikia ndara zikianza kuondoka. Niligeuka. Mama alikuwa ametupa shuka chini. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kitanda cha chini kuliko kiti chetu hata bila mto, na macho yake yalikuwa kwangu, na sijawahi kuchukiwa hivyo na mtu yeyote. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kwenda kumsaidia. Niliushusha, nikaufunga nyuma ya mgongo kwa mkono wa pili.

Aliweka viganja mapajani, juu ya michubuko. Aliinama mbele. Alisimama.

Hakujua kama amesimama. Alinipita akinisukuma begani, akafika mlangoni, akahangaika na komeo lile lililo gumu, akilitukana, na hapo pia sikumsaidia. Lilipofunguka alitoka hadi kizingitini. Mtaani hapakuwa na mtu. Khanga ya mwisho ilikuwa inaishia kwenye kona. Mama aliita mara moja, kwa sauti isiyofika. Akabaki pale akishika fremu ya mlango, uji umeachwa kizingitini ndani ya chungu kilichofunikwa sahani.

"Umefurahi?" aliniuliza bila kugeuka.

Nilirudi sebuleni, nikakunja mashuka, nikaweka godoro mgongoni nikalipeleka chumbani. Halafu nikachukua spana, nikapiga magoti, nikaanza kukifungua kitanda, bolti moja baada ya nyingine, huku Mama amesimama mlangoni, hana pa kulala.